Mama Mkwe wa Ndolo Mtaimbo

Magazeti yaliandika kwamba Ndolo Mtaimbo alianguka raundi ya nne "kwa sababu zisizojulikana." Zisizojulikana kwa nani? Wangemuuliza Loise, mama mkwe wake, angewaeleza yote na chai angewawekea. Lakini nani atamuuliza mwanamke wa miaka sitini na minne, mwimbaji wa kanisa, mkulima wa maparachichi kule Tala, habari za ndondi? Hakuna. Hapo ndipo walipopotea, maana kutoka Tala hadi Machakos mjini hapakuwa na mtu aliyemjua bondia yule kumshinda Loise. Na Loise hakuwa amemwona akipigana hata siku moja.

Alimsikia tu. Miaka kumi na miwili alimsikiliza kwenye redio yake ndogo ya betri, ile yenye antena iliyofungwa kwa waya, ameiegemeza kwenye debe la mahindi. Mtangazaji wa idhaa ya Kikamba akianza kupayuka, Loise aliacha kila kitu. Ugali ukiungua, na uungue. Alijua Ndolo anaanza na mkono gani, alijua anachoka raundi ya ngapi, na akipigwa kichwani Loise alishika kichwa chake mwenyewe.

Si kwamba hakutaka kwenda kumwona. Kati ya Mkamba na mama mkwe wake kuna kitu kinaitwa nthoni, ambayo ni haya na heshima vikipikwa chungu kimoja. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani machoni. Wakikutana njiani, mmoja hupisha kando na salamu hupitia pembeni. Vijana wa leo wameilegeza, wengine hata wanapiga picha na mama wakwe zao wamekumbatiana, lakini Loise hakulelewa hivyo. Na Ndolo, pamoja na kilo zake mia moja na nane, aliishika nthoni kama mtoto anavyoshika sarafu ya sadaka. Sasa mtu ambaye hawezi kumtazama mama mkwe usoni atasimamaje mbele yake kifua wazi, amevaa kaptura peke yake, jasho likimtiririka? Afadhali ardhi impasukie.

Tusidanganyane, mwanzoni Loise hakumtaka kabisa. Siku wazee walipoleta mbuzi wa posa, yeye akiwa jikoni, aliagiza waulizwe kijana anafanya kazi gani. Jibu likarudi kwamba anapiga watu. Loise akauliza, na siku akikosa wa kupiga? Wazee wakaomba waongezewe uji. Kwa kweli Ndolo alikuwa mpakiaji wa mifuko ya simiti huko Athi River, na jioni alifanya mazoezi katika ukumbi wa jamii chini ya kocha Yasin, fundi wa magari ambaye naye alikuwa amepigana zamani. Jina la Mtaimbo alipewa na wapakiaji wenzake kwa ajili ya mkono wake wa kulia. Mapambano yake tisa ya kwanza hayakufika raundi ya tatu. Mtu akipigwa na Ndolo hakurushwa hewani kama kwenye sinema. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi nyumbani.

Kilichombadilisha Loise hakikuwa ushindi. Ni mwaka ule mume wake, Ngui, alipougua figo na mvua ikaharibu barabara hata pikipiki haikuweza kupanda. Ndolo alitembea kwa miguu kutoka lami, akaingia, akainama, akambeba mzee mgongoni na kuteremka naye kilima chote kwenye matope bila kupumzika. Loise alifuata nyuma na mwavuli. Uso wa mkwe wake hakuuona. Aliona mgongo tu, ule mgongo mpana ndani ya shati lililolowa, na kichwa cha mume wake kimelala begani. Ngui hakurudi kutoka hospitali. Lakini tangu siku hiyo, mtu akitamka neno baya kuhusu mkwe wa Loise, basi amejitafutia.

Mkanda tu ndio uliomkataa Ndolo. Mkanda wa Afrika Mashariki na Kati, uzani mzito, aliupigania Lusaka akanyimwa kwa pointi. Akaupigania tena Dar es Salaam. Siku hiyo redio ilijaa kelele za watu ghafla, Loise akaruka na mwiko mkononi, akapiga vigelegele, kisha mtangazaji akasema jicho la Ndolo limepasuka na refa amesimamisha pambano. Loise aliketi chini na mwiko wake. Tangu hapo hakuamini tena kelele za watu. Alisubiri aambiwe.

Mwaka huu Ndolo alitimiza miaka thelathini na saba, na bahati ikamjia mlangoni. Bingwa mwenyewe, Ilunga, jitu la Lubumbashi lenye mikono inayofika magotini, alikubali kuutetea mkanda wake hapa hapa Machakos, uwanjani, Jumamosi saa tisa mchana. Ndolo alimwambia mkewe Nthenya kwamba hilo litakuwa la mwisho. Akishinda, akishindwa, glavu anazitundika. Ina maana kwamba kama mkanda hautakuja siku hiyo, hautakuja tena.

Alhamisi ya wiki hiyo Nthenya, ambaye ni mwalimu na anaishi na Ndolo huko Mumbuni, alimpigia mama yake simu kumwomba asije. Loise akauliza ni nani amesema atakuja. Nthenya akasema hakuna aliyesema, ila anamjua mama yake. Loise akamwambia awe na adabu.

Na kweli Loise hangeenda, kama si Pili. Huyu Pili anauza leso na mashuka mjini Machakos. Babu yake alikuja kutoka Mombasa, na Kiswahili chake mpaka leo kina chumvi ya huko. Yeye na Loise ni marafiki wa miaka ishirini, marafiki wa kuchekana. Loise alipopita dukani Jumamosi asubuhi na kikapu cha maparachichi, redio ikichungulia humo ndani, Pili alimtazama akacheka mpaka akashika meza.

"Mtu mkwewe yuapigania ubingwa hapa, waona bendera zile pale, nawe wabeba redio warudi kumsikiliza Tala? Loise, wewe ni mzima kweli?"

Loise alimweleza habari ya nthoni, kwa mara ya mia. Pili akasema sawa, ubaya ni yeye kukuona, basi asikuone. Akatoa leso kubwa ya zambarau, akamfunika Loise kichwa na mabega, akamvika miwani ya jua ya mwanawe. Loise akajitazama kwenye kioo. Alifanana na mtu anayetafutwa na polisi. Lakini moyo ulikuwa umeshaanza kumdunda, na moyo ukidunda namna ile, miguu haingoji ruhusa.

Wakakaa juu kabisa, safu ya mwisho. Lo, watu! Machakos yote ilikuwa imemwagika pale. Vijana wa Mavoko walikuja na mavuvuzela, wanakwaya walikuja na sare zao, na mpakiaji mmoja alikuwa amebeba mtaimbo halisi mpaka askari wakamnyang'anya langoni. Ulingo ulikuwa katikati ya uwanja, chini ya hema jeupe. Ndolo alipotoka na joho lake la bluu aliloshonewa na Nthenya, Loise aliinamisha uso haraka. Alikuwa amefanya mapatano na dhamiri yake. Angemtazama miguu tu, chini ya goti. Miguu haina makosa.

Raundi ya kwanza alitazama viatu. Raundi ya pili, kwa sababu viatu havisemi nani anapiga nani, alipanda kidogo mpaka kwenye kaptura. Raundi ya tatu, Mungu amsamehe, alikuwa anatazama kila kitu, miwani ameivua, leso imeteleza begani, na mdomo u wazi.

Kumbe redio ilikuwa ikimwibia miaka yote hii. Redio haikusema kwamba jitu kama Ndolo linaweza kuteleza kando kwa wepesi ule. Haikusema kwamba ngumi inasikika mpaka safu ya mwisho. Ndolo alikuwa anashinda. Alimsukuma Ilunga hadi kona, akamgonga kichwani kwa kulia, akamgonga tena, na uwanja ukaimba jina lake. Loise alikuwa na furaha ya kutaka kulia. Na hapo ndipo alipoona jambo.

Kila Ilunga akirusha mkono wa kulia, kiwiko chake kinapanda juu, na mbavu za upande ule zinabaki wazi kama mlango wa duka. Kila mara. Ndolo hazioni, anawinda kichwa. Yasin pale konani naye analilia kichwa. Loise aligeuka kwa Pili, akamwonyesha. Pili hakuelewa. Raundi ya nne ikaanza, Ilunga akarusha kulia, mbavu zikafunguka. Akarusha tena, zikafunguka tena. Unaweza kuzuia kikohozi? Basi.

"Ndolo! Mbavu! Mpige mbavu!"

Sasa ujue sauti ya Loise si sauti ya kawaida. Ni sauti iliyoongoza kwaya miaka arobaini bila kipaza sauti. Ni sauti inayoita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, nao hurudi. Ilishuka kwenye ngazi za uwanja, ikapita juu ya mavuvuzela, ikaingia ulingoni. Na Ndolo akaitambua.

Alisimama wima. Akageuza kichwa kutazama juu, upande wa ile sauti. Kisha mikono yake yote miwili, ile mikono iliyokuwa inalinda kidevu, ikashuka ikafunika kifua, kama mtu aliyefumaniwa bafuni.

Ilunga hakuamini bahati yake, lakini hakuikataa. Ngumi ya kushoto ilimpata Ndolo kwenye taya, na Mtaimbo akaenda chini kwa mara ya kwanza tangu aanze kupigana.

Uwanja mzima ulinyamaza. Loise alisikia refa akihesabu, moja, mbili, tatu, na kila hesabu ilimwingia kama mwiba. Saba, Ndolo akapiga goti. Nane, akasimama. Kengele ikamwokoa. Watu walikuwa wanaulizana ameona nini, amerogwa, amekula nini asubuhi. Loise alivuta leso mpaka puani, akajikunja nyuma ya Pili. Ni yeye. Angeweza kukaa Tala na redio yake, na Ndolo angekuwa anashinda sasa hivi. Ni yeye na mdomo wake.

Raundi ya tano ilikuwa mbaya na ya sita ikawa mbaya zaidi. Ndolo alipigana kwa kujikunyata, viwiko vimebanwa kifuani, ubavu ameuelekeza kwenye ngazi zile ili asitazamwe mbele. Kila baada ya ngumi mbili alitupa jicho juu, akitafuta. Na kila alipotafuta, Ilunga alimpata. Jicho la zamani, lile la Dar es Salaam, likaanza kuvimba.

Raundi ya sita ikielekea mwisho, Nthenya alipanda zile ngazi mbio, sketi ameishika mkononi. Alisimama mbele ya mama yake akihema, na leso wala miwani havikumhadaa hata kidogo.

"Amemwambia Yasin hawezi," Nthenya alisema. "Amesema, 'Mama yuko hapa na mimi niko uchi.' Yasin anasema akipigwa hivi raundi moja zaidi, anarusha taulo."

Loise akasimama. Akasema anaenda zake, anaenda sasa hivi, asamehewe. Nthenya akamshika mkono. Alimweleza kwamba akienda haitasaidia, kwa sababu Ndolo hatajua ameenda. Atafikiri amejificha mahali pengine, na ataendelea kutafuta mpaka auawe. Na hilo lilikuwa kweli. Mtu hawezi kuthibitisha kwamba hayupo.

Loise alitazama ulingo kule chini. Ndolo alikuwa ameketi kwenye stuli, kichwa kimeinama, taulo amelitandaza kifuani kujisitiri. Loise aliona mgongo wake. Aliujua mgongo ule. Aliwahi kuufuata kwenye matope akiwa na mwavuli, na siku ile mwenye mgongo hakuuliza kama mzigo ni mzito. Akajua la kufanya.

Kando yao kulikuwa na mzee aliyejiletea kiti chake cha plastiki na sasa alikuwa amesimama akilaani. Loise alikichukua kiti bila kuomba. Akateremka ngazi, kiti kichwani kama mtungi, kikapu mkononi, leso ya zambarau ikipepea, Pili nyuma yake akimwita, Nthenya nyuma ya Pili. Akapita uzio, akapita meza ya waamuzi, akafika hatua kumi kutoka kona ya Ndolo, mbele kabisa, mahali ambapo hata mwenye jicho moja angemwona. Hapo akakiweka kiti chini, kimegeukia ngazi. Akaketi, mgongo wake kwa ulingo, akakunja mikono mapajani.

Askari mmoja kijana alikuja mbio. "Mama, ulingo uko huku."

"Naujua uko wapi."

Wanawake wa Kikamba kwenye ngazi walielewa kwanza. Loise aliwaona, maana sasa alikuwa anawatazama wao, maelfu ya nyuso, na yeye peke yake ameupa ulingo mgongo. Mmoja alishika mdomo. Akamnong'oneza jirani, jirani akamnong'oneza mumewe, na habari ikapanda safu kwa safu, mkwe wake, ni mama mkwe wake. Kisha kigelegele kimoja kikapigwa, kikafuatwa na cha pili, mpaka ngazi zote zikawa zinalia vigelegele. Nyuma yake Loise alisikia stuli ikisukumwa. Alisikia Yasin akiuliza, "Sasa uko sawa?" Na akasikia sauti nzito aliyoijua kwa pembeni tu ikijibu, "Niko sawa."

Kengele ikalia.

Loise alitoa redio kikapuni, akaiweka mapajani, akaifungulia. Na hapo akagundua jambo ambalo hakulijua miaka kumi na miwili: redio huchelewa. Ngumi inatua nyuma yake, uwanja unanguruma, naye anahesabu sekunde tano, sita, ndipo mtangazaji anapayuka. Akaona atapasuka. Akamvuta Pili achuchumae kando ya kiti, amwambie.

Pili alikuwa mtangazaji mbaya kuliko wote waliowahi kuzaliwa. Ampiga, alisema. Nani kampiga nani? Huyu wetu. Kwa mkono gani? Kwa ule wa kulia chakula. Wapi? Pale pale. Pale wapi, Pili? Loise, usinikoroge, wanakwenda mbio. Lakini Loise alikuwa na masikio yake. Alisikia viatu vya Ndolo vikiteleza kwa wepesi tena, haraka, kila upande. Alikuwa amerudi. Alikuwa anapigana kifua wazi mbele ya Machakos yote, isipokuwa mtu mmoja.

Raundi ya saba aliichukua Ndolo. Ya nane walipigana kama mafahali, na Pili akaacha kutangaza akabaki kusema maskini, maskini, bila kufafanua maskini ni yupi. Jicho la Ndolo lilikuwa limefunga kabisa, Nthenya alisema, na daktari alikuwa amepanda kulitazama. Akasema atampa raundi moja. Moja tu. Loise alisikia hilo kwa masikio yake mwenyewe, na akaikumbatia redio.

Raundi ya tisa. Viatu vilisogea. Ngumi moja, ya mbali. Nyingine. Kisha Ilunga akakoroma, ule mkoromo wa kurusha mkono mzito, na mara ukafuata mlio ambao Loise hakuwahi kuusikia redioni wala popote, mlio mfupi, mnene, kama gunia la mahindi likidondoshwa sakafuni.

Uwanja ukalipuka. Nyuso zote zile mbele yake zilifunguka midomo kwa pamoja, watu wakaruka, viti vikaanguka, na huwezi kujua, wallahi huwezi kujua, kwa sababu mtu anayeona bondia wake akianguka hufungua mdomo vile vile. Loise alikumbuka Dar es Salaam, alikumbuka mwiko. Akamgeukia Pili. Pili alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Nani?" Loise aliuliza. "Pili, nani?"

"Sikuona. Niliogopa."

Akamtafuta Nthenya, Nthenya alikuwa amekimbilia ulingoni. Angegeuza shingo tu. Kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Shingo ilimwuma kwa kutaka kugeuka. Lakini kama Ndolo amesimama pale, akimwona anageuka, mikono itashuka tena. Basi akashika kiti kwa mikono miwili, akafumba macho, akaelekeza sikio kwenye redio. Moja. Mbili. Tatu. Mtangazaji alikuwa bado anaeleza habari za jicho. Nne. Tano.

"…Ilunga anarusha kulia, Ndolo anapita chini, mbavu! Amempiga mbavu! Ilunga amekaa chini! Jamani, Ilunga amekaa chini!"

Loise hakupiga vigelegele. Nyuma yake refa alikuwa ameshafika tisa, redioni alikuwa bado kwenye nne, na yeye alilia huko katikati, machozi yakidondoka juu ya antena yenye waya. Pili alimkumbatia, kiti kikayumba, wakakaribia kuanguka wote wawili.

Mengine unayajua. Mkanda uliinuliwa, vijana wakamwagika uwanjani, kwaya ikaimba, na mwenye kiti alikuja kukidai akaona ni nani ameketi, akasema akae tu. Loise hakugeuka. Watu walimpita wakimshika mabega, wakimwita mama, naye alibaki vile vile, uso kwa ngazi ambazo sasa zilikuwa tupu. Hakujua aondoke au asubiri. Hakuna aliyewahi kumfundisha nthoni inasema nini baada ya hapo.

Kisha nyuma yake kelele zikapungua, kama watu waliopisha mtu njia. Hatua nzito zikaja, zikasimama. Alisikia pumzi.

"Mwaitu," sauti ikasema. Ndivyo Mkamba anavyomwita mama. "Nimevaa. Unaweza kugeuka."

Loise akaweka redio chini. Akanyoosha leso. Akageuka, kiti na vyote.

Ndolo alikuwa amevaa jaketi la Yasin, maana lile joho lake lilikuwa limeshachukuliwa na mashabiki. Mikono ya jaketi ilimwishia kwenye viwiko, na zipu aliipandisha mpaka kidevuni, imekaza hadi karibu ipasuke. Mkanda aliufunga juu yake. Jicho moja lilikuwa limezibwa kabisa na lile lingine lilitazama chini, kwenye nyasi, kama inavyotakiwa. Loise naye alitazama nyasi. Alikuwa na mambo mengi ya kumwambia, ya Ngui, ya matope, ya miaka kumi na miwili ya ugali ulioungua. Likatoka moja tu.

"Nilikwambia mbavu tangu raundi ya nne."

"Nilisikia, Mwaitu," Ndolo akasema. "Ndiyo maana nilianguka."